Miaka tisa ya ukurasa wangu imefutwa kwa sentensi mbili. Tuongee kuhusu hawa wenye nyumba wa mitandaoni

Kobe Mzee (mleta mada)

Wakuu, heshima mbele.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana. Nimeukalia wiki tatu nikisubiri hasira ishuke. Imeshuka kiasi.

Nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Sitautaja, maana nikiutaja uzi utageuka wa kuutukana huo mmoja na wengine watapona. Ulikuwa ukurasa wa kufundisha kutengeneza redio za zamani: za valvu, za transista za mwanzo mwanzo, redio kaseti. Miaka tisa. Asubuhi moja nafungua, nakutana na sentensi mbili: akaunti imefungwa kwa kukiuka kanuni za jumuiya; uamuzi umepitiwa na ni wa mwisho. Kanuni ipi, hawasemi. Nikakata rufaa. Jibu lilirudi kabla chai yangu haijapoa, tena likiwa na sentensi zilezile mbili. Hisia yangu ni kwamba mashine iliona waya, betri na bisibisi ikadhani nafundisha mabomu, lakini hiyo ni hisia, hakuna aliyenieleza.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Wafuasi hawakuniuma, wafuasi hutafutwa upya. Video zangu zote ninazo kwenye diski. Kilichoniuma ni maoni. Chini ya zile video walikuwa wanakuja mafundi wastaafu, watu waliokaa na chuma cha kulehemu mkononi tangu kabla sijazaliwa. Mimi naeleza kitu kwa dakika tano, mzee mmoja anaandika aya saba kunisahihisha. Kulikuwa na maoni ya fundi mmoja kuhusu kulinganisha koili za IF, yaani kurekebisha ile sehemu ya redio inayochuja na kukuza kituo, bila jenereta ya mawimbi, kwa sikio tu, ambayo nilikuwa nawatumia watu kiungo chake kila mwezi. Baadhi ya wazee wale najua wameshafariki. Walichoandika kilikuwa pale tu, na mimi nilikuwa mjinga wa kutosha kudhani "pale" ni mahali.

Nikaanza kusoma habari za mitandao iliyokufa, kama mtu anayetembea makaburini. Wakubwa wenzangu mtazikumbuka GeoCities, ambapo mtu alijijengea ukurasa wake wenye nyota zinazomemeta na muziki wa kujipiga wenyewe. Yahoo waliinunua 1999 kwa mabilioni ya dola, 2009 wakaifunga. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo kiliokolewa na watu wa kujitolea wa Archive Team waliokuwa wanakimbizana na siku ya kuzimwa. Myspace nayo: News Corp walitoa dola milioni 580 mwaka 2005, na 2019 ikatangazwa kwamba walipohamisha seva walipoteza muziki wote uliopakiwa kwa miaka kumi na mbili ya mwanzo. Hakuna aliyeufuta kwa makusudi. Umepotea tu, kama funguo. Orkut, mtandao wa kijamii wa Google, ilizimwa 2014. Vine, zile klipu za sekunde 6, Twitter waliinunua 2012 hata kabla haijazinduliwa, na Januari 2017 wakaifunga. Google+ ilikufa 2019 na sijaona aliyevaa nyeusi.

Mtu atasema: hizo zilishindwa biashara, mtandao wenye nguvu haufi. Haya, tuje kwa walio hai. Facebook miaka ya katikati ya 2010 iliwaambia wachapishaji video ndiyo yenye watu. Vyumba vya habari vikapunguza waandishi, vikaajiri wapiga picha. Septemba 2016 kampuni ikakiri kwamba wastani wa muda wa kutazama ulikuwa umekuzwa, kwa sababu hesabu iliwaacha nje wote waliotazama chini ya sekunde 3. Ukiwatoa wote waliokimbia, bila shaka waliobaki wataonekana wanakupenda! Halafu Januari 2018 wakabadilisha mlisho ili posti za ndugu na marafiki zitangulie zile za kurasa, na kurasa zilizojengwa kwa miaka zikaporomoka bila kufanya kosa lolote. Na Twitter, Januari 2023, baada ya Elon Musk kuinunua, ilizikatia umeme programu za watengenezaji wengine bila taarifa. Mojawapo ilikuwa Twitterrific, iliyotangulia kutumia picha ya ndege kabla Twitter yenyewe haijaifanya nembo. Aliyekupa jina, unamfungia mlango.

Sasa linganisheni na hivi. Barua pepe ipo tangu 1971, Ray Tomlinson alipoichagua ile alama ya @. RSS, ule mlisho ambao programu yoyote huusoma ili kumletea mtu vitu vipya vya tovuti, ipo tangu 1999. Podikasti nyingi hadi leo zinasafiri kwa RSS, na ndiyo maana Google walipoifunga programu yao ya podikasti mwaka 2024, hakuna kipindi kilichokufa. Msikilizaji alichukua orodha yake akaenda nayo kwenye programu nyingine, na vipindi vikaendelea kumfuata. Kipaza sauti kimebadilishwa, mhubiri yuleyule. Hivi vitu havina mwenye nyumba.

Hoja yangu basi: mtu yeyote anayetengeneza kitu cha maana awe na tovuti yake yenye kikoa chake (ile anwani ya jina lake mtandaoni), awe na orodha ya barua pepe za watu wake, na hii mitandao mikubwa aitumie kama kibao cha barabarani, kinachosema "duka liko kule". Asiweke bidhaa kwenye kibao.

Nakosea wapi? Nikosoeni, nimezoea.

---

Kipaza Sauti

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga walimaliza huu mjadala kabla ya intaneti.

Pole lakini mkuu. Kwa hilo la maoni ya marehemu nimekaa kimya kidogo.

---

bintiseva

Shikamoo Mzee Kobe. Pole sana, na naomba nikukosoe kama ulivyoomba, kwa heshima.

Nimeendesha seva za watu kwa muda mrefu, na nikisikia mtu anasema "tovuti yangu mwenyewe" huwa natabasamu. Kikoa hukinunui, unakikodi kwa mwaka. Kadi ya malipo ikiisha muda na barua ya kukukumbusha ikaangukia kwenye takataka, kuna mashine zinasubiri kukidaka kikoa chako na kukijaza matangazo ya kamari. Seva ni ya mtu. Cheti cha usalama kinatolewa na mtu. Umetoka nyumba ya kupanga yenye mwenye nyumba mmoja mkali, umeenda yenye wenye nyumba wanne wapole. Ni nafuu, sikatai, lakini bado kodi unalipa.

Na hiyo barua pepe yako isiyo na mwenye nyumba! Kwenye karatasi, kweli, yeyote anaweza kusimamisha seva ya barua. Ijaribu. Ujumbe wako utaenda vizuri hadi mlangoni kwa Google au Microsoft, halafu utatupwa kwenye folda ya taka kwa sababu anwani ya seva yako "haina sifa". Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka anayetuma kwa wingi awe amethibitisha kikoa chake kwa SPF, DKIM na DMARC (njia za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa), na aweke kitufe cha kujiondoa kwa bofyo moja. Kwa Gmail, wingi ni kuanzia barua 5,000 kwa siku. Masharti yenyewe ni mazuri, matapeli wamepungua. Ila nani kayaandika? Itifaki, yaani kanuni ambazo seva huongea kwazo, haina mwenyewe, lakini masanduku ya barua yana wenyewe, tena wachache.

Tofauti ya kweli, kwa uzoefu wangu, iko kwenye kuhama. Seva ikinikera leo, kesho naelekeza kikoa kwingine na msomaji hajui hata kama nimehama. Wewe ungehama na nini?

---

Kobe Mzee

Marahaba binti. Umenipiga pazuri. "Wenye nyumba wanne wapole" nitaikumbuka.

Nakubali kwamba neno "mwenyewe" nimelitumia ovyo. Hilo la kuhama ndilo nililokuwa nalitafuta nikakosa maneno.

---

Malkia wa Klipu

Mimi nitaharibu sherehe.

Nyie wote mnaongea kama watu ambao tayari walikuwa na sauti. Mimi nilikuwa na tovuti. Nilikuwa na kikoa, nilikuwa na orodha ya barua pepe, na kwenye orodha tulikuwa watu kumi na moja, mmoja wao mama yangu. Nafundisha lugha ya alama. Miaka miwili ya kuandika makala nzuri zisizosomwa. Siku nilipoweka klipu ya sekunde arobaini TikTok, iliwafikia watu ambao hawakuwa wananitafuta na hawakujua kama wananihitaji. Hicho ndicho ile algoriti yao inafanya na kibao cha barabarani hakifanyi. Haiulizi una wafuasi wangapi. Inakutupa mbele ya kundi dogo la wageni. Wakikaa hadi mwisho inakutupa mbele ya kundi kubwa zaidi. Wakipita unakufa kimyakimya. Ukatili, ndiyo, lakini ukatili wa usawa.

Mzazi mmoja wa mtoto kiziwi aliniandikia kwamba aliona klipu yangu saa nane usiku akiwa hata hajui kuna kitu kama hicho cha kujifunza. Huyo angeipataje RSS yangu? Angeijuaje?

Kwa hiyo mnaposema mitandao hii ni wezi, sawa, ila wezi walionipa watu.

---

Jicho la Tatu

Malkia, sikupingi, ila ukatili wa usawa unadumu hadi serikali mbili zigombane. India ilizuia TikTok mwishoni mwa Juni 2020 pamoja na programu nyingine 58 za Kichina, kwa tangazo la usiku mmoja. Watu waliokuwa na mamilioni ya wafuasi waliamka hawana hata mmoja. Marekani sheria ilisainiwa Aprili 2024, na Januari 2025 programu ikazimika kwa saa kadhaa kisha ikarudi. Wakati ule watengenezaji walikuwa wanalia kwenye kamera wakiwaaga watu wao. Hawakuwa na namna nyingine ya kuwapata.

Umewapata, vizuri. Umewachukua anwani?

---

Malkia wa Klipu

Wachache. Ukiweka kiungo cha nje kwenye klipu unaona kabisa inavyokosa hewa. Siwezi kuthibitisha, lakini mtu anayeposti kila siku anaijua pumzi ya ukurasa wake.

---

Msafiri 404

Tatizo dogo hili. Hamieni wote Telegram, ni salama, kila kitu kimesimbwa, hakuna anayesoma, makundi ni makubwa. Nashangaa bado watu wanateseka.

---

Jicho la Tatu

Msafiri, hapana, na naomba hili usilisambaze. Chati za kawaida za Telegram hazijasimbwa mwisho hadi mwisho, yaani kwa namna ambayo wanaoongea tu ndio wanaweza kuzisoma. Zimesimbwa njiani tu, funguo anazo mwenye seva. Zinazosimbwa mwisho hadi mwisho ni zile chati za siri, lazima uziwashe mwenyewe, na ni za watu wawili tu. Makundi na chaneli hazimo. WhatsApp, pamoja na uchafu wake mwingine wote, ilimaliza kuweka usimbaji huo kwa kila mazungumzo Aprili 2016, watu na makundi.

Na kwa kuwa tumefika WhatsApp, mimi huwa naitumia hadithi yake kuwaeleza vijana kampuni hizi zinavyozeeka. Ilianzishwa 2009 na Jan Koum na Brian Acton. Walijulikana kwa msimamo kwamba hakuna matangazo. Facebook ikainunua 2014 kwa takriban dola bilioni 19. Acton aliondoka 2017, na Machi 2018, wakati wa kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni iliyopata data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila idhini yao, aliandika hadharani kwamba umefika wakati wa kuifuta Facebook. Yeye aliyekuwa amelipwa na Facebook! Pesa zake nyingine, dola milioni 50, alikuwa ameziweka mwezi mmoja kabla kwenye Wakfu wa Signal, ulio nyuma ya programu ya ujumbe ya Signal. Na Juni 2025 WhatsApp wakatangaza matangazo kwenye ile sehemu ya Status. Ilichukua miaka kumi na moja tangu kuuzwa. Hakuna aliyedanganya siku ya kwanza. Ahadi ilikuwa ya waanzilishi, na waanzilishi waliuza.

Ndiyo maana mimi ahadi za kampuni sizisomi tena, nasoma inavyolipwa. Kama inalipwa na watangazaji, siku moja kila kitu kitakunjwa kumfuata mtangazaji, hata kama mkurugenzi ni mtakatifu.

---

Msafiri 404

Sawa nimeelewa. Nilikuwa sijui hilo la chati za siri. Miaka sita natumia.

---

Mti wa Kivuli

Nashangaa hatujaigusa Mastodon, ule mtandao wa kijamii usio na mwenye nyumba mmoja. Ipo tangu 2016, haina kampuni moja, kila jumuiya inasimamisha seva yake na zote zinaongea kwa itifaki ya ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Mfano wake ni barua pepe, ila kwa posti. Hata Threads ya Meta imeanza kuongea lugha hiyo. Seva ikikukera unahama na wafuasi wako. Mzee Kobe, huko ungepona.

---

bintiseva

Angepona nusu. Ukihama Mastodon wafuasi wanahama, posti hazihami. Na maoni ya watu yanakaa kwenye seva zao wao, si yako. Seva ndogo nyingi zinaendeshwa na mtu mmoja anayelipa mfukoni mwake. Akichoka, akifilisika, akipata mtoto, inazimwa. Nimewahi kuzima moja. Nilitoa notisi ya miezi mitatu na bado kuna watu walikuja mwezi wa nne kuuliza posti zao ziko wapi. Yule mwenye nyumba asiye na huruma mnayemlaani uzi mzima, kwao nilikuwa mimi.

Sisemi isitumike. Naipenda. Nasema tu kwamba kile alichopoteza Mzee Kobe, yaani maneno ya watu wengine yaliyoshikamana na kazi yake, hakuna mfumo niliouona unaokihifadhi vizuri. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, wamejaribu kuziweka posti za mtu kwenye ghala linaloweza kuhamishwa lote. Lakini hata pale, unahama na ghala lako. Majibu ya watu yako kwenye maghala yao.

---

Kobe Mzee

Binti, hapo umeshika penyewe.

Nilijaribu ile njia ya kuomba nakala ya data zangu kabla ya kufungwa kabisa. Wana fomu. Lilikuja faili kubwa kweli. Ndani kuna kila nilichoposti, kila nilipobofya, orodha ya watangazaji wanaojua habari zangu, hata vitu nilivyotafuta 2017 nikiwa na homa. Maoni ya wazee hayamo hata moja. Nilipouliza huku na huku nikaambiwa hata ile sheria ya Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, haki yake ya kuhamisha data inagusa data ulizotoa wewe. Maneno ya mtu mwingine chini ya video yangu ni ya huyo mwingine. Kisheria inaeleweka kabisa. Mimi nisingependa mtu apakue maneno yangu bila idhini. Lakini mwenye maneno amefariki, mwenye ukurasa kafungiwa, na anayebaki nayo ni kampuni peke yake, ambayo haiyahitaji.

---

Dakika Ya 89

Haiyahitaji? Mzee, inayahitaji sana siku hizi, ndiyo habari mpya.

Akili mnemba inakula maandishi. Na maandishi matamu kuliko yote si ya magazeti, ni kama hayo ya mafundi wako: mtu anayejua, anamjibu mtu aliyekwama, kwa lugha ya kawaida. Angalieni Reddit, ule mtandao wa majukwaa ya mijadala. Mwaka 2023 waliweka bei kwenye ule mlango ambao programu za nje hupitia kuchota data, wenyewe huuita API. Programu ya Apollo, iliyopendwa na wengi, ikafungwa tarehe 30 Juni mwaka huo. Wasimamizi wa majukwaa, ambao hawalipwi hata senti, walifunga maelfu ya majukwaa kwa mgomo, hawakushinda. Februari 2024 ikatangazwa kwamba Google wataruhusiwa kuchota data hizo kwa mkataba. Mei mwaka huohuo Stack Overflow, tovuti ambako waandishi wa programu huulizana na kujibizana, wakaingia mkataba na OpenAI, wenye ChatGPT. Kuna watu walikasirika wakaanza kufuta majibu yao wenyewe waliyoyaandika bure kwa miaka. Majibu yakarudishwa, wao wakasimamishwa.

Kwa hiyo lile swali la "maoni ni ya nani" lilishajibiwa, na jibu lina bei.

---

Malkia wa Klipu

Lakini je, si bora mashine iwe imesoma kuliko yapotee kabisa? Nauliza kweli, sibishani. Kama maarifa ya wale wazee yameingia humo, mtu wa kesho atauliza na kujibiwa.

---

Kobe Mzee

Malkia, nililiwaza hilo usiku wa tatu. Nikafungua mojawapo ya hizo programu za kuchati, nikauliza jinsi ya kulinganisha redio kwa sikio. Ilinijibu kwa adabu kuliko fundi yeyote niliyewahi kukutana naye. Hatua saba, zimepangwa vizuri, kila moja na kichwa cha habari. Hatua ya kwanza: anza na upande wa antena, kisha malizia na IF. Kinyume! IF ndiyo huanza, kila anayeshika redio anajua. Ukifuata mpangilio ule unaweza kukaa hadi alfajiri unazungusha, na kila unachorekebisha kinaharibu ulichorekebisha kabla.

Nilipoiambia imekosea iliniomba radhi na kunipa mpangilio sahihi. Lakini mimi najua. Anayeuliza ni yule asiyejua, na yeye hatabisha.

Mzee wa yale maoni alikuwa anaandika kwa hasira, bila nukta, herufi kubwa ovyo. Ila ukimuuliza "kwa nini" alikuwa anakwambia redio gani ilimfundisha hilo, na aliiunguza vipi.

---

Kipaza Sauti

Wayback Machine mmejaribu? Internet Archive wanahifadhi kurasa tangu 1996. Weka anwani ya ukurasa wako wa zamani uone.

---

bintiseva

Nilimsaidia kuangalia juzi faraghani. Kuna picha za ukurasa mara nne, zote zinaonyesha kisanduku cha "ingia ili uendelee". Mitandao hii ilishaziba ukuta, mashine ya kumbukumbu inafika mlangoni inapiga picha ya mlango.

---

Msafiri 404

Kwa hiyo ukweli ni kwamba tungepaswa kunakili kwa mkono kama zamani. Natania.

---

Koili Namba Tatu

Habarini. Mimi ni mgeni kuandika, msomaji wa siku nyingi.

Mzee Kobe, nilikuwa mfuasi wa ukurasa wako. Simu yangu ya wakati ule ilikuwa imejaa, haiwezi hata kupiga picha ya skrini, na karakana ninayofanyia kazi mtandao haushiki. Kwa hiyo ya maana nilikuwa nayanakili kwenye daftari nyumbani, kesho naenda nalo kazini. Ninalo. Lina madoa ya risasi ya kulehemu na kurasa mbili zimeungua pembeni, ila ninalo.

Hii ndiyo ya kulinganisha kwa sikio. Naiandika ilivyo, ila nukta nimeweka mimi:

"ANZA NA IF acha mambo ya antena. Tafuta kituo HAFIFU, usitafute chenye nguvu, chenye nguvu kitaamsha AGC itakusawazishia sauti udhani umefika kumbe bado. Usitumie bisibisi ya chuma, chuma kinabadilisha koili ukiwa bado unaizungusha, ukiitoa inarudi ilikokuwa. Chonga kijiti. Anza na transfoma ya mwisho iliyo karibu na spika rudi nyuma mmoja mmoja, kila moja zungusha hadi sauti ipande kisha ivuke ianze kushuka halafu rudi. Usipovuka hujui kilele kiko wapi. Ukimaliza zote rudia tena toka mwanzo, mara ya kwanza huwa inadanganya. Mimi niliharibu redio ya mwalimu wangu kwa kiburi cha kutorudia."

Zipo nyingine kama ishirini na kitu hivi. Za kapasita za karatasi, ya kile kitundu cha kaseti, na ile ndefu ya mlio wa hum. Nitaziandika kidogo kidogo jioni nikitoka kazini.

---

Kobe Mzee

Ni yeye. "Acha mambo ya antena", ni yeye kabisa.

Endelea mkuu. Na ile ya hum, kuna mtu alimjibu chini yake wakabishana, kama uliandika na ubishi wao uuweke wote.

---

Koili Namba Tatu

Ubishi niliandika. Ulikuwa na kurasa tatu.